Joto la vifaranga: mbona kila jedwali linasema lake?

Ukiuliza kifaranga wa siku moja anatakiwa akae kwenye joto gani utapewa majibu mpaka uchoke, huyu atakwambia nyuzi 35, yule 32, mwingine anakomaa kabisa kwamba 30 zinatosha na ukizidisha unawaua, na kila mmoja ana kundi lake limekua vizuri tu la kukuonyesha. Mtu anayeanza anabaki amechanganyikiwa, mwisho anachukua namba ya katikati na kumwachia Mungu. Sasa hao watu wote wanaweza kuwa sawa kwa wakati mmoja, tatizo ni kwamba kila mmoja amepimia sehemu yake, kwa chanzo chake cha joto, kwenye hewa yake, na hayo ndo mambo ambayo jedwali huwa halisemi. Ngoja tuyafungue moja moja.

Tuanze na kifaranga mwenyewe. Kuku mkubwa anatembea na joto la mwili la nyuzi 41 mpaka 42 hivi na anajua kulilinda, kukiwa na baridi anakula zaidi na kuvimbisha manyoya yashike hewa, kukiwa na joto kali anahema mdomo wazi na kuachia mbawa. Kifaranga aliyetotolewa leo yuko chini kidogo ya hapo, na uwezo wa kujipandishia joto mwenyewe bado hajaupata sawasawa. Siku za mwanzo mwili wake unafuata joto la mahali alipo, ukimweka penye baridi anapoa, ukimweka penye moto anapanda. Inachukua kama wiki mbili ndo aanze kujimudu, na hata hapo anajimudu nusu nusu mpaka manyoya ya kweli yamfunike.

Halafu kuna udogo wake. Ana gramu 40 hivi, na kiumbe mdogo namna hiyo ana ngozi nyingi ukilinganisha na nyama iliyopo ndani, kwahiyo joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Yale malaika yake laini ya njano au kahawia yanasaidia kidogo yakiwa makavu, yakilowa ni kama hana kitu mwilini, ndo maana kifaranga aliyetumbukia kwenye chombo cha maji anaweza kufa kwa baridi hata kama bruda, yaani ile sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, ina joto zuri kabisa. Ukimkuta amelowa mkaushe na umrudishe karibu na joto hapo hapo, usisubiri "atakauka tu".

Kingine alichonacho ni kiini cha yai ambacho kiliingia tumboni kabla hajatoka kwenye ganda. Hicho kinaweza kumshikilia siku mbili mpaka tatu, na ndo sababu vifaranga vinaweza kusafirishwa mbali bila kula na vikafika hai. Lakini watu wanakielewa vibaya, wanadhani ni ruhusa ya kuchelewesha chakula. Kile kiini kina kinga alizotoka nazo kwa mama na kina lishe ya kujengea mwili, hasa utumbo, na kifaranga anayepigwa na baridi anakitumia kupasha mwili badala ya kujenga. Pia anajikunyata na wenzake, na aliyejikunyata hali wala hanywi, asipokula utumbo haukui, utumbo usipokua hata akija kupata chakula kizuri baadae hakimsaidii sana. Hapo ndo unapata lile kundi ambalo likifika wiki ya tatu wengine ni wakubwa na wengine kama njiwa. Mfugaji analaumu stata, yaani chakula cha kuanzia, analaumu waliomuuzia vifaranga, na saa ingine ni kweli, ila mara nyingi ukifuatilia unakuta mambo yaliharibika ndani ya yale masaa 24 ya kwanza, usiku, wakati kila mtu amelala.

Sasa mwangalie mama kuku anavyofanya kazi hii. Hapashi uwanja mzima. Chini yake kuna joto la mwili, karibu nyuzi 40, na hatua mbili pembeni kuna baridi ya kawaida ya asubuhi, na vifaranga wanatoka wanadonoa dakika chache, wakisikia baridi wanarudi chini ya mbawa wanapata joto, wanatoka tena. Kifaranga mwenyewe ndo anaamua. Mama hana jedwali na hapunguzi nyuzi 3 kila jumatatu. Wakikua wanakaa nje muda mrefu zaidi, wanarudi mara chache, mpaka siku moja yule mama anawafukuza.

Hii ndo inafungua fundo la kwanza la namba. Kuna namna mbili za kulea vifaranga kwa joto la kutengeneza. Ya kwanza ni kama ya mama kuku, unaweka chanzo cha joto sehemu moja, taa au jiko au hita ya gesi, chini yake pana joto na pembeni panapoa taratibu. Ya pili unapasha banda zima liwe sawa kila kona, wanavyofanya wenye mabanda makubwa. Anayetumia ya kwanza akisema nyuzi 33 mpaka 35 anamaanisha pale chini ya taa, huku ukutani kwake inaweza kuwa 25 au hata chini ya hapo na vifaranga wako freshi. Anayetumia ya pili akisema 30 mpaka 32 anamaanisha kila mahali, maana pale kifaranga hana pa kukimbilia. Ukichukua ile 35 ya taa ukaijaza banda zima umewapika. Ukichukua ile 30 ya banda zima ukaiweka chini ya taa tu, huku pembeni pakiwa na baridi, umewagandisha. Namba zote mbili sahihi, ukizihamisha tu zinageuka sumu.

Kwa mtu mwenye vifaranga 50 au 100 au hata 300, mimi naona namna ya kwanza ndo ya kuchagua bila kufikiria mara mbili, kwasababu inasamehe. Ukikosea nyuzi 2 au 3 kifaranga anajisogeza mwenyewe. Banda zima likikosewa wanakosa wote.

Fundo la pili ni themomita imewekwa wapi. Joto linapanda juu, hilo kila mtu anajua, ila bado unakuta themomita imetundikwa ukutani usawa wa macho ya mtu, inasoma 33 mfugaji anaridhika, kumbe huku chini anapoishi kifaranga ni 26. Kipimo kiwe usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita 5 hivi kutoka kwenye maranda, na kwa bruda ya taa pima pembeni ya duara la mwanga sio katikati kabisa chini ya balbu. Alafu kuna hii ya taa za infraredi ambayo inawachanganya hata wazoefu, zile taa hazipashi hewa sana, zinapasha kile kinachoguswa na miale yake, yaani mgongo wa kifaranga na sakafu. Kwahiyo themomita ya hewa iliyokaa kivulini inaweza kukuonyesha namba ndogo na vifaranga hapo wanaona raha, na nyingine iliyopigwa na mwanga moja kwa moja ikakuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Ukitumia infraredi macho yako yaamini vifaranga kuliko themomita.

Fundo la tatu, ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote na ndo linasahaulika, ni sakafu. Kifaranga anasimama, analala na kula sakafuni, tumbo lake lenye malaika machache limegusa chini muda wote. Hewa inaweza kufika 32 ndani ya saa moja ukiwasha jiko, lakini sakafu ya zege inachukua muda mrefu sana kupata moto, na ikiwa ya baridi inanyonya joto la kifaranga kupitia miguu na tumbo hata kama hewa ni ya moto. Ndo maana inashauriwa kuwasha joto masaa 24 kabla vifaranga hawajafika, na kukiwa na baridi sana hata zaidi, mpaka yale maranda yenyewe yafike nyuzi 28 mpaka 30. Tandaza maranda ya mbao makavu au pumba za mpunga unene wa sentimita 5 mpaka 10, sakafu ya zege au ya udongo wenye ubaridi weka nyingi zaidi. Mtu anayetandaza maranda kiduchu ili abane matumizi alafu anaongeza mkaa usiku kucha, hesabu yake haijakaa sawa.

Kupima hili huhitaji kifaa. Chukua vifaranga kama kumi kutoka sehemu tofauti za bruda, gusisha miguu yao shavuni kwako au shingoni. Ikiwa ya baridi, sakafu yako ni ya baridi, mengine yote yaache kwanza ushughulikie hilo.

Unyevu wa hewa nao unabadilisha namba. Hewa kavu inamkausha kifaranga, anapoteza maji kwa kupumua na maji yakitoka yanaondoka na joto, kwahiyo kwenye hewa kavu anahitaji namba ya juu zaidi ili ajisikie vile vile. Kuna mwongozo mmoja wa kuku wa nyama unaotumika sana ambao unaonyesha kwamba siku ya kwanza kwenye unyevu wa 40% inatakiwa karibu nyuzi 36, wakati kwenye unyevu wa 60% kama 31 zinatosha. Tofauti ya nyuzi 5 nzima, kifaranga yule yule! Kwahiyo wawili wanaobishana, mmoja yuko kwenye hewa kavu ya juani na mwingine yuko sehemu yenye unyevunyevu, watabishana mpaka kesho. Unyevu wa kati ya 50% na 70% ndo unaofaa siku za mwanzo, na ujue joto lolote unalowasha linakausha hewa, ukiona vifaranga miguu inasinyaa na vumbi linapaa basi hata ndoo ya maji karibu na jiko, nje ya uzio wao, inasaidia.

Na upepo. Kwa kifaranga upepo mdogo ambao wewe mkononi hata huusikii unatosha kumshusha joto nyuzi kadhaa, na themomita haiuoni kabisa huo upepo, itaendelea kukwambia 32. Chuchumaa, weka kiganja kilicholowa maji usawa wao, utausikia unatokea wapi, mara nyingi ni chini ya mlango.

Mwisho kwenye hili la namba, vifaranga wenyewe hawafanani. Waliotoka kwa kuku wazazi wachanga wanaoanza kutaga wanakuwa wadogo na wanahitaji kama nyuzi 1 zaidi ya wenzao. Waliosafiri mbali na kupigwa na baridi njiani nao wanataka kuongezewa masaa ya mwanzo.

Ukishajumlisha hayo yote, ule mpangilio unaosambaa kila mahali, wa wiki ya kwanza 32 mpaka 35 alafu unashusha nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ufike 21, bado ni mzuri wa kuanzia. Unakupa pa kuwasha mtambo. Baada ya hapo anayesoma kipimo ni wewe na kipimo ni vifaranga.

Kuwasoma sio kazi ngumu ila inataka ukae kimya dakika kadhaa kabla hujaingia, maana ukifungua mlango tu wanakimbia na picha inaharibika. Chungulia. Wakiwa wamerundikana chini ya chanzo cha joto, wanalia kwa sauti kali ya juu, hao wana baridi. Wakiwa wamekimbilia pembeni kabisa mbali na joto, midomo wazi, mbawa zimeachia, kimya au wamelala wamejinyoosha kama waliozimia, hao wanaungua. Wakiwa wamejazana upande mmoja tu, iwe kulia au kushoto, kuna upepo unatoka upande wa pili au kuna mwanga mkali au kelele inawatisha, kuongeza moto hapo hakusaidii kitu. Wanaoona raha wametawanyika, wengine wanakula wengine wanakunywa wengine wamelala makundi madogo madogo, na sauti yao ni ile ya chini chini ya kupigapiga soga. Ukishaizoea hiyo sauti utakuwa unajua hali ya bruda ukiwa bado uko nje.

Kipimo kingine kizuri ni gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Siku moja baada ya kufika, usiku, wapapase vifaranga kadhaa. Gole likiwa limejaa na laini wamekula na kunywa, likiwa gumu wamekula bila maji, likiwa tupu hawajala, na kama wengi ni matupu wakati chakula kipo basi angalia joto kwanza kabla ya kingine chochote. Karibu wote wanatakiwa wawe na gole limejaa hapo, ikikosekana kwa wachache sio mbaya, ikikosekana kwa robo ya kundi una shida.

Angalia na huku nyuma. Kinyesi kikiganda mpaka kuziba njia, mara nyingi ni dalili kwamba kifaranga alipigwa na baridi au aliungua akakosa maji. Loanisha kwa maji ya uvuguvugu utoe taratibu, usivute kikavu, unaweza kuchana ngozi.

Hapa nataka niseme kitu kuhusu moto kupita kiasi kwasababu watu wanaogopa baridi tu. Mchana anayeanza kufuga anakosea zaidi upande wa joto. Jiko limewaka, jua limepiga bati, madirisha yamezibwa na magunia, na vifaranga wanahema. Kifaranga aliyepata moto sana anaishiwa maji mwilini, anakula kidogo, anaota manyoya polepole, na wakizoea kukaa na joto kali lisilo la lazima huwa wanaanza kudonoana. Alafu saa 10 alfajiri yule yule mfugaji amelala, mkaa umekwisha, wanakufa na baridi. Kupanda na kushuka huku ndani ya siku moja kunawachosha kuliko joto lililokosea kidogo lakini limetulia.

Kuhusu kizuizi, ile duara ya hadibodi au mabati au maboksi ambayo wengi wanaiita kinengunengu, kazi yake ni kuwaweka karibu na joto, chakula na maji, na kuzuia upepo wa chini. Urefu wa kwenda juu wa sentimita 45 unatosha. Iwe duara kwasababu kwenye kona ndo wanaporundikana na wa chini kukosa pumzi, kama chumba chako ni cha pembe nne ziba kona kwa kadibodi iliyokunjwa. Siku za mwanzo vifaranga 40 mpaka 50 kwa mita moja ya mraba inakubalika, kuanzia siku ya tatu au ya nne anza kuipanua, na wiki ya pili wengi wanaiondoa kabisa. Maji na chakula visikae chini ya taa kabisa, viwe kati ya penye moto na penye ubaridi, na maji ya siku ya kwanza yasiwe ya baridi ya kushtua, ya uvuguvugu kiasi ni bora. Gazeti lenye kuteleza usilitandike juu ya maranda kwa muda mrefu, miguu inateleza pembeni na kifaranga anakua na miguu iliyotanuka.

Sasa vyanzo vya joto, kila kimoja na tabia zake.

Balbu zile za zamani zenye waya ndani zinapoteza karibu nguvu zote kama joto, ambayo kwa mwanga ni hasara ila kwa bruda ndo tunachotaka, ya wati 60 au 100 inatosha kwa boksi dogo. Balbu za LED sahau, zinatoa mwanga tu, na bado unakuta mtu kanunua LED kubwa anashangaa vifaranga wanarundikana. Infraredi ya wati 250 inatundikwa sentimita 45 mpaka 60 juu ya maranda na inapandishwa kadri wanavyokua, badala ya kuizima unaivuta juu kidogo kila wiki, na nyekundu ni bora kuliko nyeupe maana wanalala na hawadonoani sana. Itundike kwa mnyororo uliofungwa sehemu mbili, waya wake wa umeme usiwe ndo umeishikilia, ikidondoka kwenye maranda makavu hilo sio banda tena. Na angalia maandishi ya pakiti, balbu zilizopakwa Teflon ili zisipasuke zikipata moto zinatoa hewa inayoua ndege, nyumba nzima ya vifaranga inaweza kwisha bila dalili yoyote.

Jiko la mkaa au chungu chenye mkaa ni rafiki wa wengi maana halijali umeme kukatika. Linapasha vizuri ila linatoa kaboni monoksidi, hewa ambayo haina harufu wala rangi, na ndo inayoua kimya kimya vifaranga na watu pia. Washia nje mpaka mkaa uive wote na moshi uishe ndo uingize, acha upenyo wa hewa juu, na wewe usilale humo ndani hata kama unalinda vifaranga, hili sio la mjadala. Kuziba kila tundu ili joto lisitoke ni kosa hata bila mkaa, maana kinyesi na maranda yaliyolowa vinatoa amonia, ukiingia macho yakakuwasha basi vifaranga walishaanza kuumia zamani, pua zao ziko sentimita chache kutoka kwenye hicho kinyesi. Kwa kuku wa nyama kukosa hewa safi mapema kunawaletea baadae matatizo ya moyo na tumbo kujaa maji. Hewa itoke juu ya vichwa vyao, upepo usipite chini walipo, hayo mambo mawili yanawezekana kwa pamoja kabisa, madirisha ya juu yawe wazi na chini pawe pamezibwa.

Kuna pia bruda isiyo na moto, boksi lenye kuta nene za majani makavu au matambara na kifuniko kizito kinachoshuka karibu na migongo yao, vifaranga wanajipasha kwa miili yao wenyewe na boksi linazuia joto lisitoke. Inafanya kazi kwa idadi inayolingana na boksi, wakiwa wachache sana hawatoshi kulipasha, na kwenye baridi kali siku za kwanza chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinahitajika kusaidia. Hizo chupa pia ndo za kukimbilia umeme ukikatika ghafla usiku, zijaze, zifunge kitambaa, ziweke katikati yao na uifinye duara iwe ndogo.

Wanavyokua, cha kuangalia ni manyoya kuliko kalenda. Ya mbawa yanatangulia, alafu mkia, alafu mabega na mgongo, kifua kinafuata, na kichwa na shingo ndo mwisho. Kifaranga ambaye mbawa zake zimeota vizuri lakini mgongo bado una malaika anaonekana mkubwa, ila usiku bado ni mtoto. Kuku wa nyama, wanaokua haraka na kutoa joto jingi la mwili, wengi wanamaliza haja ya joto wiki ya tatu au ya nne, na wakifika hapo shida yao inageuka kuwa joto kuzidi. Wa mayai na wa kienyeji wanaenda mpaka wiki ya tano au ya sita, na kama usiku kuna baridi sana unaweza kuongeza. Manyoya yanajengwa na protini, kundi linalopewa chakula hafifu linachelewa kuota manyoya kwahiyo linahitaji mkaa au umeme wa wiki zaidi, ukibana kwenye chakula unalipia kwenye joto.

Jambo moja la kuwa nalo macho: ukiona vifaranga wa wiki ya tatu wamejikunyata, manyoya yamesimama, wakati joto liko sawa na wenzao wengine wanacheza, hiyo sio baridi tena. Inaweza kuwa koksidia, ugonjwa wa utumbo, hasa ukiona damu kwenye kinyesi, au ugonjwa mwingine, na kuongeza moto kutakupotezea siku ambayo ulitakiwa uwe umeshamwita mtaalamu wa mifugo. Tofauti na baridi ni kwamba baridi inawapata wote kwa pamoja, ugonjwa unaanza na wachache. Baada ya chanjo pia wanaweza kupoa siku moja mbili, hapo kuwaongezea nyuzi 1 au 2 kunasaidia.

Kuwaachisha joto ndo kipindi kingine ambacho watu wanapoteza vifaranga wakubwa wakubwa wenye afya, na inauma kwasababu walishavuka. Anza kwa kuzima mchana jua likiwa kali, usiku washa kama kawaida. Wakizoea siku kadhaa, zima na jioni, washa usiku wa manane mpaka asubuhi. Ule usiku wa kwanza bila joto kabisa wasipate giza la ghafla, wamezoea taa, ukizima vyote pamoja wanashtuka wanajirundika kwenye kona na wa chini wanakosa hewa, kwahiyo acha mwanga hafifu, zungushia kona kadibodi, na upite uwatawanye kwa mkono saa 4 usiku na tena alfajiri. Chagua usiku ambao hali ya hewa imetulia, sio siku ya mvua wala siku umewahamisha banda, wala siku ya chanjo. Ukiwakuta asubuhi wamelala wametawanyika siku tatu mfululizo, toa taa.

Na kama kwenye bruda moja umechanganya ndege, ujue hawaendi pamoja. Bata wanaacha kuhitaji joto mapema kuliko vifaranga wa kuku na wanalowesha maranda vibaya, bata mzinga wadogo wanataka joto zaidi, karibu 35 mpaka 37 siku za kwanza, na kwa muda mrefu zaidi, wanadhoofika upesi. Hata vifaranga wa kuku tu waliopishana wiki mbili ukiwaweka pamoja, wakubwa watakaa pale penye joto zuri wasilolihitaji na wadogo watasukumwa pembeni kwenye baridi, kwahiyo kila rika lipewe duara lake na taa yake.